Kabla Jua Halijapanda: Joto na Uchovu Katika Mbio Ndefu za Milimani

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wakimbiaji na watu wa kujitolea, kabla ya kuanza kwa msimu wa joto. Nimeyaweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu wakimbiaji, wazee wetu wa mbio, vijana mnaoanza mwaka huu, na ninyi ndugu zetu mnaosimama vituoni kutwa nzima mkitumiminia maji: habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja wengi. Sitawaweka sana, maana nje kuna turubai na ndoo za maji ya barafu zinatusubiri.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kufika kileleni siku ya jua kali, kisha akashindwa kukumbuka alivyofika? Inueni mikono, msione haya. Tazameni. Ni karibu nusu ya ukumbi.

Mkono wangu nao uko juu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mbio ndefu katika milima ya Lake District, kaskazini magharibi mwa Uingereza, siku moja ya mwezi wa Juni. Wanaoijua milima ile wanajua ilivyo. Kondoo wamelishwa juu yake kwa karne nyingi, imebaki nyasi na mawe, na mti wa kukupa kivuli huupati mpaka uteremke bondeni. Na huko bondeni upepo hakuna. Ilipofika mchana nilikuwa nimeshapita vilele vingi na nikijiona niko sawa tu. Nikaingia kituoni, nikataka kutoa kikombe changu kwenye begi. Nikashika zipu. Vidole viliishika, nikawa navitazama, lakini havikuvuta. Nilisimama pale nikiikodolea macho ile zipu kama kitu ambacho sijawahi kukiona maishani mwangu.

Mama mmoja wa kujitolea, mtu mzima, akaniuliza kwa upole: "Vimebaki vilele vingapi?" Nikamjibu bila kusita: "Viwili." Vilikuwa vimebaki saba.

Sikubahatisha, ndugu zangu. Niliamini. Ungeniapisha, ningeapa. Yule mama akanishika kiwiko, akanikalisha chini, akanimwagia maji shingoni, nami nikamkasirikia. Nikamwambia aniachie, ananipotezea muda. Hakuniachia. Nipo mbele yenu leo kwa sababu hakuniachia.

Joto haliangushi miguu kwanza. Linaanza na akili. Miguu bado inakwenda, moyo bado unataka, lakini yule anayekaa ndani yako na kukuambia punguza, kunywa, simama, ameshalala usingizi. Kwa hiyo maamuzi ya siku ya joto hayafanywi kwenye joto. Hufanywa kabla jua halijapanda. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke: kabla jua halijapanda.

Sasa, joto lenyewe linatoka wapi? Wengi mtanijibu kwamba linatoka juani. Jua lina sehemu yake, lakini tanuri tumelibeba wenyewe. Unapokimbia, kati ya kila sehemu 5 za nishati inayoungua kwenye misuli, karibu 4 hugeuka joto. Ni moja tu inayokusogeza mbele. Joto hilo lazima litoke, na njia kuu ya kutokea ni jasho. Si jasho linalodondoka chini. Hilo limepotea bure. Jasho linalokauka juu ya ngozi ndilo linalokupooza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, au upepo ukikatika, jasho linamwagika na kazi haifanyiki.

Ndiyo maana mlima una hila zake. Kwenye barabara tambarare, mwenye kasi hujitengenezea upepo wake. Lakini ukiwa unapanda ukuta wa nyasi, mikono magotini, kilomita moja inakuchukua dakika 20: mwili unaungua kama wa mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote, na upepo ni wa mtu anayetembea. Jua liko mgongoni, na mawe yanakurudishia joto usoni. Halafu unafika juu, upepo unakupiga, unajisikia mzima, unasema yamekwisha. Hayajakwisha. Unateremka tena bondeni, na deni liko palepale.

Basi tusitazame saa kwenye mpando. Siku ya joto, kasi ya jana haina maana. Moyo unafanya kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ikapoe, na damu ni ileile. Mapigo yatapanda hata kama mwendo haujabadilika. Fuata pumzi yako. Ukishindwa kusema sentensi nzima kwenye mpando wa kwanza, umekwenda mbio mno, na bado hujaanza.

Na kuna jambo ambalo sisi tunaokimbia kwenye nchi za baridi hatulipi uzito wake. Nyuzi 27 ni kitu gani? Kwa aliyezizoea, si kitu. Kwa aliyefanya mazoezi majira yote ya kuchipua kwenye nyuzi 10 na mvua, ni moto. Mwili hujifunza joto, na hujifunza kwa siku 10 hadi 14 za kukimbia ndani yake, saa moja au zaidi kwa siku, kwa mwendo wa chini. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hutoka kwa wingi, na chumvi inayopotea kwenye jasho hupungua. Asiye na jua anaweza kuingia kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hivi mara tu baada ya mazoezi, kidogo kidogo, siku kadhaa mfululizo, na asiwe peke yake nyumbani. Lakini huwezi kuanza Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi. Na ukiacha, faida yake hupotea ndani ya wiki chache. Wengi wetu hulijaribu lile duara la Bob Graham karibu na Juni, kwa sababu usiku ni mfupi. Ni vilele 42 ndani ya saa 24, kama alivyofanya yeye mwaka 1932, kuanzia mji wa Keswick na kurudi Keswick. Tunapiga hesabu ya mwanga. Nani kati yetu anapiga hesabu ya joto?

Nije kwenye maji, na hapa naomba mnisikilize hata wale mnaodhani mnajua, maana tumefundishana vibaya. Tuliambiwa kunywa, kunywa, kunywa kabla hujahisi kiu. Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, Marekani, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani madini ya chumvi, kwenye damu, na watatu kati yao hali yao ilikuwa mbaya sana. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kuliko walivyotoka jasho. Katika mbio hizohizo mkimbiaji mmoja wa kike alifariki kwa tatizo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Maji yakizidi, damu inakuwa nyepesi, na ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilopanuka. Dalili zake? Kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa. Si ndizo dalili zilezile tunazosema ni za kukosa maji? Ndizo! Kisha mtu wa kituo, kwa huruma yake, anakuongezea chupa nyingine.

Kwa hiyo tazameni vidole. Pete imebana? Kamba ya saa imeacha alama? Tumbo linacheza maji kama mtungi? Huyo msimpe maji. Kwa sisi wengine, kiu ndiyo kipimo: ukisikia kiu kunywa, isipokuwepo usijilazimishe. Mtu mmoja hutoka jasho nusu lita kwa saa, mwingine lita mbili, mlima uleule na jua lilelile. Ndiyo maana siwezi kukupa kiasi cha mwenzako. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja kwenye joto, uvue nguo zenye jasho, uhesabu na ulichokunywa. Fanya hivyo mara tatu nne na utajijua. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya jasho. Si lazima uirudishe yote njiani. Kumaliza ukiwa umepungua kidogo ni kawaida. Kumaliza ukiwa umeongezeka ndiko kunakonitisha.

Chumvi, ndiyo, kula chakula chenye chumvi. Lakini chumvi haimwokoi aliyekunywa kupita kiasi. Na tumbo likikataa jeli ya kuongeza nguvu mchana wa jua, usiligombeze. Damu imekwenda kwenye ngozi, tumbo limeachwa na kidogo. Punguza mwendo kwa dakika 15, jimwagie maji, kisha ujaribu tena kidogo kidogo. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen ziacheni nyumbani, nawaomba sana. Figo ya mtu aliyekauka, na misuli yake inavunjika kwenye mteremko, haihitaji mzigo mwingine. Ukikojoa mkojo wa rangi ya kahawa nyeusi, mbio zako zimekwisha, nenda hospitali.

Mto ukiwa karibu, utumieni. Chovya kofia, lowesha mikono mpaka kwenye viwiko, weka kitambaa chenye maji shingoni. Nusu dakika kwenye kijito hukurudishia zaidi ya hiyo mlima unaofuata.

Turudi kwenye akili, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 2016 kijana mmoja wa Marekani, Jim Walmsley, alikuwa akiongoza mbio za Western States, maili 100 katika milima ya California, mbio zinazojulikana kwa joto la mabonde yake. Alikuwa mbele ya rekodi ya njia ile. Zikiwa zimebaki chini ya kilomita 15, akapitiliza kona. Alama zilikuwepo. Wengine waliokuja nyuma waliiona. Yeye, baada ya saa nyingi za jua na za kasi isiyo na mfano, aliipita na kuendelea kuteremka njia isiyo yake. Alimaliza wa 20, baada ya zaidi ya saa 18. Miguu yake ilikuwa ya mtu wa kuvunja rekodi. Miaka miwili baadaye alirudi akaivunja kweli.

Kama kona inampotea bingwa kwenye njia iliyowekewa alama, sisi je? Mbio zetu nyingi njia haina alama. Una ramani, una dira, na una kichwa chako. Kichwa kikipikika, ramani inakuwa karatasi ya rangi.

Na wa pili ni Gabriela Andersen-Schiess, mkimbiaji wa Uswisi. Los Angeles, 1984, marathoni ya kwanza ya wanawake kwenye Olimpiki. Wazee mnaikumbuka picha ile. Aliingia uwanjani amepinda upande mmoja, mkono mmoja unaning'inia, mguu mmoja haukunji. Madaktari wakamsogelea, akawakwepa, kwa sababu kwa sheria za wakati ule kuguswa kungemtoa mashindanoni. Walipoona bado anatoka jasho wakamwacha aendelee. Mzunguko ule wa mwisho ulimchukua zaidi ya dakika 5, na uwanja mzima umesimama ukimpigia makofi. Alimaliza wa 37, na namshukuru Mungu alipona.

Mimi namheshimu mama yule mpaka leo. Lakini tuliotazama tulijifunza somo baya. Tulijifunza kwamba hivyo ndivyo shujaa anavyofanana. Alikuwa na madaktari hatua mbili kutoka kwake. Ninyi mlimani mna nani? Na sikilizeni, jasho lisiwatulize. Mtu aliyeungua ndani kwa kukimbia mara nyingi bado amelowa jasho. Msisubiri ngozi ikauke.

Tuna methali yetu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri, lakini kwenye mbio za milimani imetuponza. Mtu amelipia, amejiandaa mwaka mzima, ameaga nyumbani, anaona hana budi kuyaoga hata kama ni ya moto. Ndugu zangu, unayo budi. Mlima hauhami.

Basi fanyeni hivi. Kabla jua halijapanda, ukiwa umekaa mezani kwako, akili imetulia, andika kwenye karatasi mambo yatakayokufanya usimame. Nikitapika mara mbili, nasimama. Nikisikia baridi na vipele vya baridi juani, nasimama. Nikijikwaa mara tatu mahali pasipo na jiwe, nakaa kivulini dakika 10, na nisipopata nafuu nashuka. Mpe mwenzako karatasi hiyo. Mwambie, siku ile mimi si mimi, usinisikilize, isikilize karatasi. Mnaosimama vituoni, ulizeni maswali yenye jibu. "Uko sawa?" si swali, kila mkimbiaji atasema ndiyo. Ulizeni kama yule mama. Umetoka kilele gani? Unaelekea wapi? Vimebaki vingapi? Mwacheni afungue begi lake mwenyewe, na mtazame vidole.

Na ukiacha mbio, toa taarifa. Ni sheria ya zamani ya mbio zetu na naona vijana wanaichukulia kama adabu tu. Ukishuka kimya kimya ukaenda kulala, kuna watu watapanda usiku kucha wakiita jina lako, nao wana uchovu wao na giza lao. Nenda kituoni, taja namba yako, hakikisha imeandikwa.

Neno moja kuhusu baridi, msinishangae. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 za milimani. Wengi walivaa kaptula na fulana nyepesi. Hali ya hewa ikageuka ghafla, mvua ya barafu na upepo, na watu 21 walikufa kwa baridi, wakiwemo wakimbiaji wenye majina makubwa. Mchungaji mmoja aliyekuwa amejikinga pangoni aliwaingiza sita humo, akawasha moto, wakapona. Nawaambia haya kwenye hotuba ya joto kwa sababu siku ya jua ndiyo siku ambayo watu huacha koti la mvua kwenye gari. Mtu aliyechoka, aliyelowa jasho, aliyemaliza akiba yake ya chakula mwilini, akisimama kileleni mawingu yakaingia, hana tena kuni za kuwasha tanuri lile nililowaambia. Koti, kofia, glavu, filimbi, ramani, dira, chakula cha dharura: vinapanda nawe, hata anga ikiwa safi.

Sasa la mwisho, na kwa hili ndiyo maana kuna ndoo nje. Mwenzako ameanguka njiani. Anaongea maneno yasiyoungana, anapigana nawe, au hajui alipo. Mwili unawaka. Hicho ni kiharusi cha joto, ndani amepita nyuzi 40, na kipima joto cha kwapani au cha sikioni kitawadanganya. Mtafanya nini kwanza? Mtamkimbiza barabarani kutafuta gari?

Hapana. Mtampoza hapohapo. Poza kwanza, safirisha baadaye. Kila dakika anayobaki kwenye moto ule, ini lake, figo na ubongo vinaungua. Kule Falmouth, Massachusetts, kuna mbio za Agosti za kilomita 11 tu, fupi na kali. Kwa miaka 18 walihesabu watu 274 walioanguka kwa kiharusi cha joto, wakawatumbukiza kwenye maji ya barafu palepale. Walipona 274. Wote, ndugu zangu. Wote. Hawakuwa na dawa ya ajabu. Walikuwa na maji, barafu, na watu wasiosita.

Mlimani beseni hatuna. Tuna kijito, mlazeni ndani, mtu mmoja amshike kichwa juu ya maji asimwachie hata kidogo. Kijito hakipo? Turubai. Watu wanashika kingo, mgonjwa yuko katikati, maji yanamwagwa, mnaliyumbisha yazunguke mwili mzima. Wakati huohuo mmoja anapiga simu ya uokoaji. Asiyejitambua msimnyweshe kitu. Endeleeni mpaka akili imrudie na aanze kutetemeka, ndipo mumtoe mumfunike.

Kusoma hili na kulifanya ni vitu viwili. Turubai likijaa maji na mtu ni zito kuliko mnavyofikiri, na mikono huteleza. Basi tutoke nje. Nahitaji watu sita wa kushika kingo, mmoja wa kushika kichwa, na mmoja atakayekubali kulala katikati. Wewe binti wa mstari wa mbele, umeinua mkono? Njoo, mwanangu. Vua saa kwanza.